Dresingi za Kolajeni katika Kutibu Vidonda: Mwongozo kwa Familia za Bukoba na Muleba

Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, kano, mifupa na kuta za mishipa ya damu. Ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, kwani inakaribia theluthi moja ya protini yote aliyo nayo binadamu. Dresingi ya kolajeni ni kifuniko cha kidonda kinachotengenezwa kwa protini hiyo baada ya kuitoa katika ngozi, kano au utumbo wa ng'ombe, nguruwe, farasi, kondoo, kuku au samaki, kisha kuisafisha na kuiua vijidudu. Hupatikana kama karatasi nyembamba, sponji, unga au jeli. Aina nyingine huchanganywa na selulosi, na aljineti ya mwani au na madini ya fedha. Zote huwekwa juu ya nyama ya kidonda yenyewe, na kwa sehemu kubwa hufyonzwa na mwili badala ya kubanduliwa.

Kolajeni kwenye jeraha si jambo geni katika hospitali. Uzi wa katguti, ambao kwa miaka mingi ulitumika kushonea majeraha na akina mama baada ya kujifungua, ni kolajeni ya utumbo wa kondoo au ng'ombe, na ndiyo maana uliyeyuka wenyewe bila kutolewa. Jambo jipya ni kuitandaza protini hiyo juu ya kidonda kilichogoma kufunga.

Kidonda kinavyopona, na kinavyogoma

Panga linapoteleza katika kibanja cha migomba na kuingia kwenye muundi, kolajeni ndiyo ya kwanza kufanya kazi. Mshipa uliokatika huiacha wazi, chembe sahani za damu huigusa, hunata juu yake na kuanza kugandisha damu. Kwa sababu hiyo sponji ya kolajeni hutumika hata katika upasuaji kuzuia damu inayochuruzika. Siku zinazofuata huwa za seli nyeupe, ambazo hula vijidudu na nyama iliyokufa. Jeraha huvimba kidogo, huwa na joto na kutoa majimaji, na hali hiyo ya siku chache si ugonjwa.

Baadaye huingia seli zinazofuma nyama mpya. Seli hizi hutandika nyuzi za kolajeni, na mishipa midogo ya damu hupenya katikati yake. Nyuzi hizo ni kama fito za ukuta wa udongo: zisipokuwapo, udongo hauna pa kushika. Nyama mpya inayojaa kidonda huwa nyekundu, yenye chembechembe na unyevu, nayo hutoa damu kwa urahisi ikiguswa. Mwisho ngozi husogea kutoka kingoni na kufunika. Hata baada ya kufunga, kazi huendelea kwa miezi mingi, kwa kuwa kolajeni ya haraka iliyotandikwa mwanzoni hubadilishwa polepole na iliyo imara zaidi. Wiki ya tatu kovu huwa na takriban moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida, na hata likikomaa halipiti asilimia 80. Mtu aliyeshonwa mguu na kurudi kubeba mikungu ya ndizi mara tu nyuzi zinapotolewa analipa kovu mzigo lisiouweza.

Kidonda sugu ni kile kilichokwama njiani, mara nyingi katika hatua ya uvimbe. Ndani yake hujaa vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Vimeng'enya hivi vina kazi halali ya kuondoa nyuzi zilizoharibika, lakini vikizidi hukata na mpya. Seli hufuma, vimeng'enya hufumua, na kidonda hubaki na ukubwa ule ule mwezi baada ya mwezi. Hapa ndipo dresingi ya kolajeni inapotegemewa. Vimeng'enya hivyo hushughulika na kolajeni iliyoletwa kutoka nje, na ile ya mgonjwa hupata nafasi ya kudumu. Vilevile dresingi hunyonya majimaji yaliyozidi, hutunza unyevu, na huzipa seli mahali pa kutambaa.

Ushahidi uliopo

Maelezo hayo yanavutia, lakini matokeo kwa wagonjwa ni ya wastani. Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa Marekani mwaka 2002. Wagonjwa 276 wa kisukari wenye vidonda vya nyayo waligawanywa katika makundi mawili, moja likatumia kolajeni iliyochanganywa na selulosi na jingine gozi yenye maji ya chumvi. Baada ya wiki 12, asilimia 37 ya kundi la kwanza walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 28 ya kundi la pili. Kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati. Tafiti nyingine nyingi zimekuwa ndogo, na kadhaa zimegharimiwa na watengenezaji. Mwaka 2023 kikundi kazi cha kimataifa cha mguu wa kisukari kilishauri kolajeni isitumike kwa lengo la kuponya vidonda hivyo, kwa kuwa ushahidi haujafikia kiwango cha kuhalalisha gharama.

Kwa mgonjwa wa Miembeni mjini Bukoba au Kamachumu wilayani Muleba maana yake ni hii: dresingi ya kolajeni ni nyongeza inayoweza kumsaidia mtu ambaye mambo ya msingi yameshafanyika. Haistahili kuuziwa familia iliyouza mbuzi ili kununua pakiti mbili, ilhali mgonjwa bado anatembelea kidonda na sukari yake haijapimwa kwa miezi.

Msingi unaotangulia

Kisukari ndicho chanzo cha vidonda vingi vya miguu vinavyoishia kukatwa mguu. Mgonjwa amepoteza hisia unyayoni, hakusikia msumari wala kokoto ndani ya kiatu, na kidonda hakimuumi. Kwa kuwa hakimuumi, anakitembelea. Tanzania ina historia ya kujivunia katika eneo hili. Mradi wa mafunzo ya mguu wa kisukari uliojulikana kama Hatua kwa Hatua, ulioongozwa nchini na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliandaa madaktari na wauguzi wa mikoani kutunza miguu kabla haijafikia kukatwa, na baadaye nchi nyingine zikafuata mfano wake. Somo kuu la mafunzo ya aina hiyo halikuwa dresingi. Lilikuwa kuondoa uzito juu ya kidonda, kuondoa nyama iliyokufa, kutibu maambukizi mapema na kukagua miguu kila siku.

Kuondoa uzito ndiko kugumu zaidi kutekeleza katika mkoa wa milima kama Kagera, ambako mtu hupanda na kushuka ili kufika sokoni, kanisani au msikitini. Magongo, kiatu maalumu au plasta ngumu inayohamisha uzito huponya vidonda vya nyayo ambavyo hakuna dresingi iliyoviponya. Ndugu wa mgonjwa wakigawana kazi zake za shamba kwa miezi miwili, wamempa dawa.

Mtiririko wa damu nao hupimwa kabla ya lolote. Mhudumu hugusa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha mguu. Mapigo yakikosekana, mguu ukiwa wa baridi na vidole vimebadilika rangi, kolajeni haina wa kuijenga, kwa kuwa seli haziwezi kufuma bila damu. Mgonjwa wa namna hiyo ni wa rufaa. Kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena iliyolegea, ambavyo hukaa juu ya kifundo upande wa ndani na kuzungukwa na ngozi iliyoiva weusi, tiba kuu ni bandeji ya kubana pamoja na kuinua mguu, lakini haifungwi kabla ya kuhakikisha kuwa damu inafika vizuri chini. Kwa vidonda vya kulalia, mgonjwa hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Wagonjwa wa seli mundu hupata vidonda karibu na vifundo vinavyochukua muda mrefu sana kupona na hurudi tena. Hao wanahitaji kliniki yao sambamba na dresingi.

Jeraha lolote lililoguswa na udongo au samadi, na vibanja vya Kagera hulishwa samadi tangu enzi, linahitaji swali la chanjo ya pepopunda siku ile ile. Majeraha ya kuangukiwa na kuta, kama yaliyojaza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa baada ya tetemeko la ardhi la 10 Septemba 2016, huwa na vumbi na vipande vya tofali ndani kabisa. Hayo huoshwa kwa maji mengi na mara nyingi huachwa wazi kwa siku kadhaa kabla ya kushonwa. Kuyafunika haraka, kwa kolajeni au kwa kitu kingine chochote, ni kufungia vijidudu ndani.

Vidonda vinavyofaa na visivyofaa

Dresingi ya kolajeni hufaa kidonda kisafi chenye nyama nyekundu ambacho kimeacha kusonga mbele licha ya matunzo mazuri, iwe cha kisukari, cha vena au cha kulalia. Hufaa pia sehemu ya paja iliyochunwa ngozi ya kupandikiza mahali pengine, michubuko mipana, na moto wa juu juu au wa kina cha wastani.

Haifai kidonda kilichofunikwa na gamba jeusi kavu au utando mnene wa njano, kwa kuwa haitagusa nyama hai. Haifai kidonda chenye maambukizi yasiyotibiwa: usaha, harufu kali, ngozi nyekundu yenye joto inayotambaa, homa. Haifai moto uliounguza ngozi yote mpaka ikawa nyeupe au kama ngozi iliyotengenezwa viatu, isiyo na maumivu, kwani huo unahitaji kupandikizwa ngozi. Mtu mwenye mzio wa nyama ya ng'ombe, nguruwe au samaki huuliza kwanza dresingi imetokana na mnyama gani. Swali hilo hilo ni haki ya Mwislamu na Msabato, na jibu huandikwa kwenye pakiti. Muuguzi mzuri hulitaja hata kabla ya kuulizwa, kwa kuwa zipo za ng'ombe na za samaki.

Namna ya kuiweka

Kazi hii hufanywa zahanati, kituo cha afya au hospitali, na mara za baadaye inaweza kufanywa nyumbani na ndugu aliyefundishwa. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha glavu huvaliwa. Dresingi ya zamani huloweshwa kama imeganda, haivutwi kwa nguvu, kwani gozi kavu inayong'olewa huondoka na nyama mpya ya siku tatu zilizopita.

Kidonda hupimwa urefu na upana kwa rula, na tarehe huandikwa. Kipimo hiki kidogo kina thamani kuliko maelezo mengi. Kidonda cha mguu wa kisukari ambacho hakijapungua nusu ya eneo lake ndani ya wiki 4 za matunzo mazuri hakielekei kufunga katika miezi inayofuata, na mpango wake lazima uangaliwe upya.

Kuosha hufanywa kwa salaini. Ikikosekana, hutumika maji yaliyochemshwa na kupozwa yakiwa yamefunikwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa kwa kila nusu lita. Maji ya ziwa au ya mto Kanoni hayatumiki mabichi. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na iodini kali huua vijidudu lakini huumiza pia seli zinazofuma, kwa hiyo hazimiminwi kila siku kwenye nyama nyekundu. Nyama iliyokufa hukatwa na mtaalamu, si kwa wembe wa nyumbani.

Karatasi ya kolajeni hukatwa kwa mkasi usio na vijidudu ifuate umbo la kidonda. Ikiwa kidonda ni kikavu, huloweshwa kidogo kwa salaini, na ikiwa kina majimaji huwekwa kavu na kulowa yenyewe. Hubonyezwa kwa upole mpaka iguse nyama kila mahali, kwa sababu pakibaki mwanya majimaji hujikusanya hapo. Katika shimo refu hutumika unga au jeli, bila kushindilia. Juu yake huja kifuniko cha pili, ambacho kinaweza kuwa gozi yenye mafuta ya parafini au dresingi ya povu, kisha gozi kavu ya kunyonya na bandeji isiyobana. Kolajeni peke yake bila kifuniko cha pili hukauka na kupasuka.

Muda wa kubadilisha hutegemea majimaji. Kidonda kinachotoa mengi hufunguliwa kila siku au kila baada ya siku mbili, na kilicho kikavu kinaweza kukaa hadi siku saba. Hapa kuna jambo linalowatisha wengi. Kifuniko kinapoondolewa baada ya siku tatu, juu ya kidonda huonekana ute wa njano au kahawia hafifu unaoteleza, wenye harufu ndogo. Familia hudhani ni usaha, wakausugua wote na kuacha damu. Mara nyingi ute huo ni kolajeni yenyewe iliyolainika. Huoshwa taratibu kwa salaini. Kinachobaki kimeshikamana na nyama huachwa, na karatasi mpya huwekwa juu yake. Usaha hutambulika kwa dalili nyingine zinazoambatana nao: maumivu yanayoongezeka, harufu inayorudi mara baada ya kuosha, uvimbe na joto pembeni, na sukari inayopanda bila sababu.

Moto

Watoto huunguzwa na uji, chai na maji ya kuoga yaliyowekwa sakafuni, na vijana huungua shavu la mguu kwa ekzosi ya bodaboda. Hatua ya kwanza ni maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mara moja, hata kabla ya kutafuta usafiri. Dawa ya meno, unga wa ngano, yai, mafuta ya taa na udongo huongeza kina cha jeraha au huleta maambukizi, na humlazimu muuguzi kumsugua mtoto aliyeungua ili kuona ngozi yake. Baada ya maji, kitambaa safi kilichofuliwa humfikisha mtoto hospitali salama.

Kwa moto wa kina cha wastani, karatasi ya kolajeni hutumiwa kwa namna tofauti na kwenye kidonda sugu. Huwekwa mapema jeraha likiwa safi, hewa na majimaji husukumwa nje kwa gozi iliyoloweshwa, kisha huachwa ikauke na kushika. Hukaa bila kuondolewa huku ngozi ikijengwa chini yake, na katika wiki ya pili hivi kingo huanza kujiinua zenyewe na kukatwa kidogo kidogo kwa mkasi. Faida yake kubwa kwa mtoto ni kuepushwa na kubadilishiwa gozi kila siku, jambo ambalo wazazi waliowahi kumshika mtoto mezani wanalijua uchungu wake. Majimaji yakijikusanya chini ya karatasi, hutobolewa tundu yatoke. Yakiwa usaha, karatasi yote huondolewa.

Sato, mabondo na jani la mgomba

Watu wa Ziwa Viktoria huishika kolajeni kila siku. Bondo la sangara, linalokaushwa Bumbire, Goziba na mialo mingine ya Muleba na kuuzwa kwa bei inayopita minofu kwa mbali, karibu lote ni kolajeni. Ngozi ya sato nayo imejaa protini hiyo. Huko Fortaleza, Brazil, madaktari na watafiti wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará walianza katika miaka ya 2010 kufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato wa jamii ile ile inayovuliwa Ziwa Viktoria, na wagonjwa wakapungukiwa na maumivu na idadi ya kubadilishiwa dresingi. Iceland kuna kampuni inayotengeneza dresingi kutokana na ngozi ya samaki wa baharini aina ya kodi. Kanda yenye viwanda vya samaki Mwanza na Bukoba ina malighafi hii kwa wingi, na ni fursa inayostahili kuangaliwa na vyuo vyetu vya tiba na uvuvi kwa uzito.

Hata hivyo ngozi ile ya Brazil haikutoka sokoni ikaenda wodini. Hutolewa magamba na nyama yote, husafishwa kwa dawa za kuua vijidudu, hupitishwa katika gliserini mara kadhaa, na hupigwa mionzi kabla ya kumgusa mgonjwa. Ngozi au bondo bichi la samaki kamwe lisiwekwe juu ya kidonda. Samaki na maji baridi hubeba bakteria, wakiwamo aina ya Aeromonasi, wanaoweza kuozesha nyama ya mguu kwa siku chache, hasa kwa mwenye kisukari.

Jani la mgomba halina kolajeni, lakini lina sifa moja muhimu: halinati kwenye jeraha. Madaktari wa Mumbai, India, walibandika vipande vya majani kwenye bandeji, wakaviua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, na kuvitumia kwa wagonjwa wa moto na kwenye sehemu zilizochunwa ngozi. Maumivu ya kubadilisha yalipungua sana, kwa gharama ndogo mno. Hospitali yenye mtambo wa mvuke katika mkoa uliozungukwa na migomba inaweza kulifanya hilo. Jani lililochumwa na kubabuliwa motoni nyumbani si sawa na lililopitia mtambo huo.

Chakula

Mwili hauwezi kuunganisha kolajeni bila vitamini C. Msafara wa mabaharia wa Uingereza chini ya George Anson, ulioondoka mwaka 1740, ulishuhudia jambo la kutisha: katika kiseyeye kikali, baharia mzee alifunguka majeraha yaliyokuwa yamepona takriban miaka 50 kabla. Kovu hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na vitamini C ikikosekana ujenzi husimama ilhali ubomoaji unaendelea. Mapera, mapapai, machungwa na maembe yaliyopo Bukoba yanatosha kuzuia hilo, na mboga za majani zisizochemshwa kupita kiasi husaidia.

Supu ya makongoro ina kolajeni nyingi, na wengi humpa mgonjwa wakiamini kuwa itakwenda moja kwa moja kidondani. Tumbo huivunja kuwa vipande vidogo vya protini kama linavyovunja nyama yoyote. Tena kolajeni haina triptofani, mojawapo ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo makongoro pekee hayamtoshi mgonjwa. Sahani ya ndizi huhitaji maharage, dagaa, yai au samaki pembeni yake kila siku, na msimu wa senene, hasa Novemba na Desemba, huleta protini bora mlangoni. Mgonjwa wa figo na wa kisukari hupangiwa kiasi na mtaalamu. Pombe, ikiwamo rubisi, na sigara huchelewesha kupona.

Kununua na kutunza

Vifaa tiba vinavyouzwa nchini husimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Pakiti halali huonyesha mtengenezaji, mnyama wa asili, njia iliyotumika kuua vijidudu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Pakiti iliyotoboka, iliyolowa au kufunguliwa haitumiki, na kipande kilichobaki hakihifadhiwi kwa mara nyingine hata kama kilikuwa ghali. Hewa ya Bukoba ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na kolajeni kavu huunyonya. Pakiti huwekwa ndani ya boksi lenye mfuniko, mbali na dirisha, na si juu kabisa ya kabati chini ya bati ambako mchana huwa na joto kali. Krimu na vidonge vya urembo vinavyouzwa kwa jina la kolajeni si dresingi na havipakwi kidondani. Kabla ya kulipa, mgonjwa mwenye bima huuliza kama kifaa hicho kimo katika kitita chake.

Kidonda kisichobaki nyumbani

Mtu wa Miembeni anayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini humo humo. Wa Muleba wana Rubya, Ndolage na Kagondo. Visiwani safari ni ya mtumbwi, na kwa sababu hiyo mgonjwa wa huko anapaswa kuondoka mapema kuliko wengine. Wanaohitaji upasuaji wa mishipa au kupandikizwa ngozi kwa eneo kubwa hupelekwa Bugando, Mwanza. Safari ya hospitali haingojwi pale mguu unapobadilika rangi, mfupa unapoonekana au kuguswa chini ya kidonda, wekundu unapopanda juu, homa inapoanza, au mwenye kisukari anapopata kidonda chochote unyayoni, hata kidogo na kisichouma. Kidonda chenye kingo zilizovimba na kukunjika nje, kilichokaa miaka bila kufunga, hukatwa kipande kikapimwe saratani kabla ya kuongezewa dresingi yoyote. Ndugu wanaomtunza mgonjwa wa namna hii wampeleke leo, na karatasi ya vipimo vya kidonda pamoja na tarehe zake waende nayo.